Ukiitaka Stratos, Anza na Karatasi Zake

Ribiti mbili ndizo zilizotuokoa.

Tulikuwa kwenye gereji moja nje kidogo ya Torino, nchini Italia, mwezi Februari, baridi imetuingia hadi mifupani. Rafiki yangu, Mswahili wa Muscat ambaye babu zake walitoka Unguja, alikuwa amekwisha kuandaa malipo ya awali ya Lancia Stratos nyekundu aliyoiona kwenye picha. Gari lilikuwa limesimama chini ya taa, fupi, pana, pua imeinamia sakafuni. Mwenzangu alikuwa akilizunguka bila kusema neno, na nilijua moyoni mwake ameshalinunua. Mimi nilipiga magoti nikamulika kibati cha chesisi kwa tochi ya simu. Kibati kilikuwa kikuukuu kama kinavyotakiwa kuwa: kimefifia, kimekwaruzika, kina madoa ya mafuta pembeni. Lakini ribiti zilizokishikilia zilikuwa ziking'aa kama sarafu iliyotoka benki jana. Kibati cha karibu miaka 50 hakishikiliwi na ribiti za juzi isipokuwa kuna mtu aliyekibandua, na mtu hakibandui kibati bila sababu.

Tukamwomba muuzaji namba ya usajili ya zamani. Akazungusha maneno. Tukaiokota wenyewe kwenye picha moja ya kale aliyotutumia kunogesha biashara, tukaomba taarifa zake katika daftari la magari la Italia. Jibu lilikuja baada ya siku chache: gari lenye chesisi ile lilikwisha kufutwa daftarini miaka mingi nyuma, likavunjwa. Tulilolikuta gereji ni gari jingine lililovishwa jina la marehemu.

Najua wapo wasomaji wenye uwezo wa kununua gari la aina hii, hasa walioko Ghuba na Ulaya, na wapo wengi zaidi nyumbani wanaolipenda tu. Wote nina neno moja kwao. Kwenye gari kama Stratos, chuma ni nusu ya bidhaa. Nusu ya pili ni historia yake iliyoandikwa, na hiyo ndiyo inayobeba bei. Ukinunua chuma bila historia umenunua kitu kingine kabisa, hata kama kinang'aa na kinaunguruma vilevile.

Ili uelewe kwa nini gari hili linaghushiwa sana, lazima ujue lilivyozaliwa.

Lancia ilianzishwa na Vincenzo Lancia mjini Torino mwaka 1906, na mwaka 1969 ikaingia mikononi mwa Fiat. Wakati huo timu yake ya mashindano, iliyoongozwa na Cesare Fiorio, ilikuwa ikitegemea Fulvia, gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele, ambalo lilikuwa limeanza kuzidiwa. Kisha mwaka 1970, kwenye maonyesho ya magari ya Torino, nyumba ya ubunifu ya Bertone ikatoa kitu kilichoitwa Stratos Zero, kazi ya mchoraji Marcello Gandini. Kimo chake kilikuwa sentimita 84 tu, na dereva aliingia kwa kuinua kioo cha mbele. Mkuu wa nyumba hiyo, Nuccio Bertone, aliliendesha mwenyewe kwenda kuwaonyesha wakuu wa Lancia. Alipofika getini hakungoja kufunguliwa: alipita chini ya kizuizi na gari lake. Ushirikiano uliotokana na ziara hiyo ndio ulioleta Stratos HF, ambayo sura yake ya kwanza ilionekana Torino mwaka 1971.

Hadi hapo, desturi ya timu za rali ilikuwa kuchukua gari la dukani na kulirekebisha. Fiorio aligeuza mpango mzima. Alitaka gari lichorwe kwa ajili ya mashindano tangu mstari wa kwanza, halafu yatengenezwe na kuuzwa mengine ya kutosha ili sheria ilikubali. Sheria ya wakati ule ilidai magari 500. Injini ilitoka Ferrari: V6 ya Dino yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,418 na nguvu farasi 190 kwa gari la barabarani, imelazwa kwa ubavu nyuma ya viti. Enzo Ferrari hakuwa na haraka ya kuitoa, maana alikuwa bado anauza Dino yake mwenyewe, na gari la jirani lenye injini ileile halikumfurahisha. Mwishowe injini zilipatikana.

Tazama vipimo. Toyota Vitz ya kwanza, ile tuliyoizoea mitaani Dar es Salaam na Nairobi, ina mita 2.37 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Stratos ina mita 2.18. Uzito wake haufiki tani moja. Kimo ni mita 1.11, yaani mtu mzima akisimama kando yake, paa linamfika chini ya kifua. Sehemu ya katikati ni ya chuma. Pua na mkia ni faibaglasi, na kila upande hufunguka wote kama kifuniko cha kasha ili fundi afikie kila kitu ndani ya dakika chache. Ndani ya kila mlango kuna shimo kubwa lililofinyangwa limeze kofia ngumu, moja ya dereva na moja ya msoma ramani. Dirisha halina mkono wa kuzungusha: unalegeza kitufe, unakiteremsha kioo kwa kukifuatisha mkato uliopinda, unakaza tena. Vitu hivyo viwili, kofia na dirisha, vinanionyesha fikra za waliolijenga kuliko maelezo yoyote ya kiufundi. Hakuna aliyekuwa akiwaza mteja wa kawaida.

Lilianza kushindana mwishoni mwa mwaka 1972 huko Corsica, halikumaliza. Mwaka 1973 dereva Sandro Munari akashinda nalo kwa mara ya kwanza, nchini Hispania. Tarehe 1 Oktoba 1974 likapata kibali kamili, na kuanzia hapo likailetea Lancia ubingwa wa dunia wa rali miaka mitatu mfululizo: 1974, 1975 na 1976. Munari alishinda Monte Carlo mwaka 1975, 1976 na 1977. Baadaye Fiat iliamua fedha zake ziende kwenye gari lake la 131 Abarth, lakini Stratos zilizokuwa mikononi mwa watu binafsi ziliendelea kuwatia aibu wakubwa. Mfaransa Bernard Darniche alishinda Monte Carlo mwaka 1979 na Corsica mwaka 1981, wakati gari lenyewe lilikuwa limeshaacha kutengenezwa miaka mingi.

Na kwetu lilifika. Pasaka ya mwaka 1975, Munari akiwa na Lofty Drews wa Kenya kama msoma ramani, alimaliza Safari Rally akiwa wa pili. Björn Waldegård, naye kwenye Stratos, akawa wa tatu. Aliyewashinda wote wawili ni Ove Andersson katika Peugeot 504. Mwaka 1977 Munari alirudi akapata nafasi ya tatu. Stratos haikuwahi kushinda Safari. Lancia ilibidi isubiri hadi mwaka 1988, 1989 na 1991, na ilifanya hivyo kwa Delta Integrale. Baba mdogo wangu alikuwa fundi Mombasa miaka ile, na mpaka uzeeni alikuwa akisema kwamba Stratos uliisikia kabla hujaona vumbi lake: sauti nyembamba, kali, ya juu, haifanani na ya 504 wala ya Datsun. Mimi nimelipenda gari hili kwa masikio yake kabla ya macho yangu.

Sasa rudi kwenye ununuzi, maana historia hiyo ndiyo chanzo cha matatizo yote ya mnunuzi.

Hesabu inayotajwa zaidi ya magari yaliyotengenezwa ni 492. Baadhi yalikwenda moja kwa moja kwenye mashindano, na gari la mashindano halina maisha ya utulivu. Linagonga mwamba leo, kesho linabadilishwa sehemu ya mbele, mwezi ujao linabadilishwa injini. Timu za enzi hizo zilizoea pia kuhamisha namba za usajili kutoka gari moja hadi jingine ili karatasi za mpakani zilingane na gari lililo tayari. Wakati huohuo magari ya barabarani hayakuuzika haraka. Yapo yaliyokaa kwa wauzaji miaka kadhaa, kisha yakanunuliwa kwa bei nafuu na vijana wakayageuza ya mashindano. Juu ya hayo yote, kuanzia miaka ya 1980 wamejitokeza mafundi, hasa Uingereza, wanaotengeneza nakala za Stratos kwa ustadi mkubwa. Nyingi zina injini ya Alfa Romeo, baadhi zina ya Ferrari. Kwa hiyo kuna magari mengi duniani yanayofanana na Stratos, na machache yaliyo Stratos.

Hatua yako ya kwanza, kabla hata ya kupiga simu, ni kuamua unataka lipi. Sioni aibu yoyote kwa anayenunua nakala. Nakala nzuri inakupa sura, sauti na msisimko kwa sehemu ndogo ya bei, na ukiikwaruza kwenye changarawe hulii usiku kucha. Sharti ni moja tu: iitwe nakala, iandikwe nakala kwenye kadi na kwenye bima, na iuzwe kama nakala siku utakapoiuza. Gari halisi la barabarani katika minada ya miaka hii huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola za Marekani, na lile lililoendeshwa na timu ya kiwanda, lenye ushahidi, hupanda juu zaidi. Pengo hilo la bei ndilo linalomshawishi mtu kubandua kibati.

Ukishaamua unataka halisi, karatasi zitangulie. Usikubali kupanda ndege kwenda kuona gari ambalo hujasoma faili lake. Namba ya chesisi ya Stratos huanza na 829AR0, ikifuatiwa na tarakimu za gari lenyewe. Ipate yote, pamoja na namba ya injini na namba zote za usajili ambazo gari limewahi kuvaa. Kama gari lilisajiliwa Italia, kuna daftari la umma liitwalo PRA, linalosimamiwa na klabu ya magari ya nchi hiyo, ACI, tangu mwaka 1927. Humo unaweza kuomba hati iitwayo estratto cronologico. Hiyo inakuonyesha wamiliki kwa mpangilio wa tarehe, uhamisho mmoja baada ya mwingine, na kama gari lilifutwa inakuambia. Ndiyo hati iliyotuonyesha ukweli sisi. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na hasara inayokuepusha.

Idara ya magari ya kale ya kundi linalomiliki Lancia leo ina makao yake palepale Torino na hutoa cheti cha asili kutokana na kumbukumbu za kiwanda. Cheti hicho kinakuambia gari lenye namba hiyo lilitoka kiwandani lini na likiwa na hali gani. Kisome vizuri na ujue mpaka wake: kinahusu lile gari lililotoka kiwandani, na hakithibitishi kwamba lililo mbele yako ndilo. Watu wengi wanakosea hapo. Hali kadhalika pasipoti ya kiufundi ya FIA, shirikisho la kimataifa la magari, kwa magari ya kihistoria inasema gari limejengwa kwa vipimo vinavyokubalika vya enzi zake ili lishindane. Haisemi kwamba gari hilo ndilo lililoshinda kule Corsica. Muuzaji akikunjua pasipoti hiyo kama ushahidi wa asili, mwulize swali la pili.

Ushahidi ninaoupenda mimi ni ule mdogomdogo: risiti ya gereji ya mwaka 1978, barua ya bima, picha ya harusi ambayo gari limeonekana nyuma ya bibi harusi, tikiti ya ukaguzi. Vitu hivi ni vigumu kughushi kwa wingi, na vikipangwa kwa tarehe vinajenga mnyororo. Tafuta pale mnyororo unapokatika. Miaka 12 bila karatasi yoyote si lazima iwe uongo. Huenda gari lilikaa kwenye banda la mtu. Lakini lazima awepo mtu anayeweza kusema lilikaa wapi, na kwa nini lilirudi.

Baada ya karatasi, ndipo ulione gari, tena pamoja na fundi anayezijua injini za Dino. Mlipe wewe. Asiwe wa muuzaji, asiwe rafiki wa muuzaji, asiwe anayetegemea kupewa kazi ya kulitengeneza baadaye. Mnunuzi huogopa kutumia fedha kwa fundi wa siku moja, kisha akatumia mara hamsini ya hizo kurekebisha.

Watu huanza kuangalia bodi. Mimi nakushauri uanze chini. Faibaglasi haipati kutu, na hilo huwadanganya wengi, kwa sababu chuma cha katikati kinapata, tena kimya kimya. Angalia pale nguzo za kioo cha mbele zinapokutana na sakafu, chini ya milango, na mahali shokapu za nyuma zinaposhikilia. Gusa kwa kidole, gonga kwa kifundo, sikiliza. Chuma kizima kinalia; kilichojazwa puti kinanyamaza. Tazama mistari ya kuchomelea: ya kiwandani ina mwendo wake, ya gereji ina yake, na mahali zinapokutana pana habari ya ajali. Kisha fungua mkia na pua, polepole, watu wawili, kila mmoja pembe yake. Paneli hizi ni nyepesi na mtu mmoja akizinyanyua kwa kona moja zinapasuka karibu na bawaba. Nyufa ndogo zilizotawanyika kama nyota chini ya rangi si janga. Nyufa ndefu zinazoelekea kwenye bawaba ni kazi.

Injini nayo ina mtego wake. Kwa kuwa V6 hii ilitumika pia kwenye Dino 246, zimebadilishana sana. Stratos nyingi zina injini iliyotoka kwenye Dino, na Dino kadhaa zinatembea na injini ya Stratos. Gari linaweza kuwa halisi na injini si yake ya kuzaliwa. Hilo linapunguza bei, halifuti utambulisho, mradi limesemwa wazi. Iwashe ikiwa baridi, na uhakikishe mwenyewe kwa mkono kwamba ni baridi, kwa sababu wauzaji wajanja hupasha injini kabla hujafika. Sikiliza cheni za taimingi. Tazama presha ya oili ikiwa baridi, kisha baada ya kuendesha nusu saa. Gia ya pili inagoma oili ya giaboksi ikiwa baridi. Hiyo ni tabia ya familia nzima ya giaboksi hizi, usiogope, na usiilazimishe. Ruka kutoka ya kwanza kwenda ya tatu mpaka chuma kipate joto. Ikiendelea kukwaruza hata baada ya joto, hapo kuna ugonjwa.

Mipira ya petroli ibadilishe siku ya kwanza unapolichukua, hata ukiambiwa ni mipya. Kabureta tatu za Weber zimekaa juu ya injini ya moto, nyuma ya kichwa chako, ndani ya bodi ya faibaglasi ambayo ikishika moto haizimiki kirahisi. Weka kizimamoto mahali mkono wako unapofika ukiwa umefunga mkanda. Nimeona gari la thamani, la aina nyingine lakini lenye mpangilio huu huu, limeungua kwa sababu ya mpira wa bei ya chakula cha mchana. Mwenyewe alikuwa amesimama kando ya barabara na ufunguo mkononi, hana cha kufanya. Sisahau sura yake.

Kisha kaa ndani, walau nusu saa, kabla hujatoa jibu. Pedali zimesogea kuelekea katikati kwa sababu gurudumu la mbele limekula nafasi, kwa hiyo mwili unakaa mshazari. Ukiwa mrefu, kichwa kinagusa paa. Joto la injini linakuja nyuma ya mabega, na kioo cha mbele kilichojipinda kinaleta jua lote ndani. Kwa rafiki zangu wa Muscat, Dubai na Doha: hili ni gari la Novemba hadi Machi, alfajiri. Na ukilipeleka barabarani, kumbuka ule ufupi wake. Gari linalogeuka haraka kiasi hiki hugeuka haraka hata usipotaka. Ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona, mkia unakuja mbele. Munari aliijua siri hiyo na akaitumia kushinda. Wewe ijifunze kwenye uwanja uliofungwa, pamoja na mwalimu, kabla ya kumpandisha mwanao.

Tairi zinahitaji neno. Kipimo chake cha asili ni 205/70 VR 14, na zipo zinazotengenezwa hadi leo kwa ajili ya magari haya. Usidanganyike na kina cha mikato. Soma tarakimu nne zilizo ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi la miaka 15 lililokaa ndani linaonekana jipya na ni hatari.

Wasomaji wa nyumbani wananiuliza kama wanaweza kulileta. Stratos zote zilitoka kiwandani na usukani wa kushoto. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 wala lenye usukani wa kushoto kwa matumizi ya kawaida. Uganda ilifunga mlango mwaka 2018 kwa magari yaliyozidi miaka 15. Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari ya umri mkubwa. Sheria hubadilika na huwa na vipengele vya pekee, kwa hiyo uliza mamlaka zenyewe kwa maandishi kabla hujalipa hata senti. Wakala wa bandarini anayesema "usijali, nitalimaliza" hatakuwepo gari likizuiwa. Njia safi kwa anayetaka kuliona gari lake likikanyaga udongo mwekundu ni kulileta kwa muda, kwa hati ya forodha iitwayo carnet, kushiriki East African Safari Classic, mashindano ya magari ya enzi hizo yaliyoanza mwaka 2003. Gari linaingia, linakimbia, linarudi.

Pwani ina adui wake. Hewa ya chumvi ya Mombasa, Tanga au Muscat inaingia kwenye chuma cha katikati usichokiona. Usilifunike kwa nailoni. Linatoa jasho ndani yake. Kitambaa cha pamba, chumba chenye hewa inayopita, na mashine ya kukausha unyevu kama una uwezo. Na liendeshe. Kila baada ya wiki mbili au tatu, dakika 40, mpaka oili ipate joto vizuri na ule unyevu utoke. Gari linalokaa linaharibika haraka kuliko linalotembea: sili zinakauka, breki zinashika, petroli inaganda kwenye kabureta.

Bima ichukue kwa thamani iliyokubaliwa kwa maandishi kati yako na kampuni, na uipitie kila mwaka. Bima ya kawaida italihesabu gari lako kama gari chakavu la mwaka 1975.

Jambo la mwisho ninalosisitiza ni lile ambalo wanaume wengi wa kwetu hulikwepa. Andika. Umefanya nini, lini, fundi nani, sehemu iliyotolewa imewekwa wapi. Usitupe kitu cha asili hata kikiharibika. Kifungie kwenye boksi, andika juu yake. Kisha mwambie mke wako au mume wako na watoto wako gari hili ni nini, karatasi ziko droo gani, na nani wa kumpigia simu. Nimeshuhudia warithi, siku ya arobaini haijafika, wakiuza gari la kale la marehemu kwa mtu wa kwanza aliyekuja na fedha taslimu, na faili lote la historia likachomwa pamoja na magazeti. Mnunuzi alifaidi. Gari lilipoteza miaka 30 ya maisha yake ndani ya alasiri moja. Warithi hawakuwa na kosa, maana hakuna aliyewaambia.

Rafiki yangu alisubiri karibu miaka miwili baada ya ile siku ya ribiti. Alipata nyingine, si nyekundu, rangi yake imechoka, injini si ya kuzaliwa na jambo hilo limeandikwa wazi, lakini faili lake ni nene kama msahafu na mnyororo wa wamiliki haukatiki. Aliponiletea faili hilo nilimwona ana furaha kuliko siku aliyoniletea picha za gari.

Naomba niwageukie wasomaji wa nyumbani ambao hawatarajii kununua Stratos kamwe. Magari yale yalipita kwetu mwaka 1975, 1976 na 1977, na watu walisimama kando ya barabara na kamera zao. Picha hizo ziko kwenye albamu za nyumbani, chini ya vitanda, kwenye masanduku ya bati ya wazee. Picha moja inayoonyesha namba ya usajili, mkunjo kwenye bampa au taa ya ziada inaweza kuwa kiungo kinachokosekana kwenye historia ya gari lililoko leo Italia au Japani. Ukiikuta, usiitupe wala usiikate. Muulize mzee aliyeipiga ilikuwa wapi na mwaka gani, kisha andika jibu lake nyuma ya picha kwa penseli, taratibu, kalamu ya wino inapenya.